Sijui Kipi Kilichonipa Usingizi

Jumapili, katikati ya Julai. Baridi kali.

Ukungu haukuinuka leo mpaka watu walipotoka ibadani, na hata ulipoinuka, jua lilikuwa la kuonekana tu, halina joto. Nimekaa kitandani, soksi mbili kila mguu, shuka la kimasai mabegani, simu mkononi. Mwili unauma kama kawaida yake: mabega, nyonga, na vile viungo vidogo vya vidole ambavyo mtu mzima wa afya hata hajui kama anavyo.

Lakini leo siandiki kuhusu maumivu. Leo nimesimama mbele ya akina mama nikasema neno moja, wifi yangu akalia, na mpaka sasa sielewi kama nimetengeneza au nimeharibu.

Nianze mbali kidogo, kwa ajili ya wanaopita hapa kwa mara ya kwanza.

Nafanya kazi jikoni kwenye loji moja ya hapa Karatu. Mimi ndiye ninayefunga maboksi ya chakula cha wageni wanaoshuka kreta ya Ngorongoro kuangalia wanyama: mayai ya kuchemsha, paja la kuku, ndizi, kipande cha keki, juisi. Wageni huondoka alfajiri, kwa hiyo mimi huwa nimeshasimama mbele ya jiko kabla majogoo ya kijiji jirani cha Rhotia hayajaanza kuwika. Niliipenda kazi hiyo. Kisha, baada ya kumzaa mtoto wangu wa pili, mwili ukaanza kuuma. Siwezi kusema uliuma wapi, kwa sababu haukuwa na mahali pa kuanzia wala pa kuishia.

Nikapimwa malaria. Nikapimwa taifodi, figo, na damu kuangalia baridi yabisi. Kila mara jibu lilikuwa "safi". Neno hilo lilinichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Mama mmoja muuza maziwa anayeshuka kutoka Ngorongoro aliniletea magome ya kuchemshia supu, nikanywa. Mchungaji akaniombea, nikapokea. Kazini mtu mmoja akasema ni uvivu, na alisema kwa sauti ya kutosha ili nisikie.

Usiku nilikuwa nalala, lakini asubuhi naamka kama niliyebeba magunia. Na machozi yakawa karibu mno. Nililia kwa sababu ya chumvi kumwagika. Nililia kwa sababu mtoto alinichekea.

Mume wangu, Baba Danieli, ni dereva wa watalii. Si mtu mbaya. Ila alikuwa akiniangalia kama anavyoliangalia gari linalogonga mahali asipopajua.

Mtu wa kwanza kuniamini alikuwa dada yake, wifi Paulina. Asubuhi moja alinikuta nimekaa sakafuni jikoni kwangu, nimeshindwa kufungua mfuniko wa ndoo ya unga. Hakucheka. Aliifungua ndoo, akapika uji, akafua nguo za watoto, kisha akakaa sakafuni kando yangu.

"Wifi," akasema, "mimi sihitaji kipimo. Macho ninayo."

Ni yeye aliyemkazania kaka yake mpaka nikapelekwa kwa daktari aliyeupa ugonjwa wangu jina: fibromaljia. Daktari alisema mishipa yangu ya fahamu inayakuza maumivu kuliko yalivyo, na usingizi wangu haufiki chini, ndiyo maana hauniponyi. Akanipa kidonge cha kumeza jioni, cha kupunguza maumivu na kuinua moyo. Damu ilionyesha nina upungufu wa vitamini D, akanipa na hiyo. Akaniambia nitembee kila siku, hata kama ni kwenda tu mpaka dukani. Nilimuuliza kuhusu magnesiamu, maana nilisoma mtandaoni kwamba inaleta usingizi. Akasema wapo wanaosema imewasaidia, lakini wataalamu bado hawajakubaliana. Nikitaka, nijaribu.

Nikajaribu.

Wakati huohuo wifi alikuwa ameanza kuuza virutubisho. Alikwenda semina Arusha, akarudi na makopo yenye picha za milima na maua. Mojawapo lilikuwa la usingizi na furaha. Hakuniuzia, alinipa. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama natumia kitu kingine, na mimi sikuona kwamba kile kilikuwa dawa. Kopo liliandikwa lishe. Nani anamwambia daktari kwamba amekula mchicha?

Halafu ikaja Mei.

Sijui niielezeje Mei. Niliamka siku moja nikiwa na njaa. Njaa ya kweli, ya mtu aliyelala. Nilitembea mpaka kwenye shamba letu la maharage bila kupumzika njiani. Nikajikuta naimba pambio jikoni loji, na wenzangu wakanyamaza kunisikiliza. Baba Danieli aliporudi kutoka safari, alisimama mlangoni akaniangalia, akasema, "Kumbe umerudi."

Wifi alifurahi kuliko sisi sote. Mwezi wa sita aliniomba nitoe ushuhuda kwake, mbele ya wanawake wachache, nami nikautoa kwa moyo wote. Nikasema ni lile kopo. Mama mkwe alikuwepo. Anatumia vidonge vya presha miaka mingi, na usingizi wake ni wa kuchungulia. Siku ileile akamwambia bintiye amtafutie kopo kama la mkwe wake.

Jumatano iliyopita, kazini, nikiwa naepua mayai, mikono ikaanza kutetemeka. Nikafikiri ni baridi. Lakini nilikuwa natoka jasho mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Moyo ulikimbia kana kwamba nimefukuzwa na nyati, na miguu ikawa inajirusha yenyewe, sina amri nayo. Mpishi mkuu alinikalisha kwenye kreti la soda, akaita gari. Wageni waliokuwa wakisubiri maboksi yao walinipisha njia. Mwanamke mmoja wa Kizungu alinivulia skafu yake. Nakumbuka nilitaka kumwambia asante na ulimi ukawa mzito.

Hospitalini, daktari wangu yuleyule alimwambia Baba Danieli arudi nyumbani alete kila kitu ninachokunywa, hata kama ni majani. Akavileta vyote kwenye beseni. Daktari akayasoma makopo moja baada ya jingine, akatulia kwenye lile la wifi. Ndani yake, akasema, mna ua fulani la Ulaya ambalo kweli watu hulitumia kwa huzuni, lakini halipatani na kidonge changu. Vyote viwili vinasukuma kitu kilekile kwenye ubongo, na vikikutana vinaweza kukisukuma kupita kiasi.

Nilimuuliza, "Lakini si ndicho kilichonisaidia?"

"Inawezekana," akasema. "Inawezekana pia ni kidonge changu, maana kinachelewa kushika. Au ile vitamini. Au magnesiamu, au kule kutembea. Loji yenu ina wageni wengi mwezi wa tano?"

Nikamwambia hapana. Mvua za masika zinawafukuza. Mei tunaingia kazini jua limeshatoka.

"Basi inawezekana ulilala kwa sababu ulipata muda wa kulala," akasema. Hakuwa ananicheka. Alionekana mwenyewe amechoka kutokujua.

Akavisimamisha vyote, hata chake, mpaka nirudi Jumanne. Tutaanza upya, kimoja kimoja, ili tujue kipi ni kipi.

Kimoja kimoja. Yeye anasema kama mtu anayepanga vitabu. Mimi nasikia miezi ya kuamka nimebeba magunia.

Nilimpigia wifi Ijumaa nikamweleza yote. Alinipa pole, tena pole ya kweli. Kisha akasema madaktari hawapendi vitu vya asili, na akina mama wameshaalikwa Jumapili, nije tu niseme nilivyolala. "Si ulilala, wifi? Sema hilo tu."

Nikaenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani nilikwenda kwa sababu ya ile siku ya ndoo ya unga.

Sebule yake ilijaa. Chai ya maziwa, maandazi, makopo yamepangwa juu ya kitambaa cha kufuma. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, kopo lake mapajani, bado halijafunguliwa. Alisema anangoja kunisikia mara ya pili ndipo aanze. Wifi akanisimamisha akanishika bega. "Huyu mnamjua alivyokuwa. Mwacheni awaambie mwenyewe."

Nikasema, "Nililala. Hilo ni kweli, silikani."

Wakapiga makofi. Nikangoja yaishe.

"Ila sijui nini kilichonilaza."

Nikawaeleza habari za Jumatano. Nikaeleza juu ya kidonge cha hospitali, na ua la Ulaya, na vitamini, na masika. Nilipotaja jinsi miguu ilivyojirusha, niliona wengine wakiyatazama makopo mezani. Mama mmoja aliyekaa karibu na dirisha akauliza, "Sasa mwalimu, tunywe au tusinywe?" Mimi si mwalimu. Nadhani alitaka tu kuwe na mwalimu mle ndani.

"Sijui," nikamjibu. "Kama kuna dawa nyingine unakunywa, mwonyeshe daktari kopo kwanza. Zaidi ya hapo sijui, mama."

Kisha nikageuka kwa mama mkwe. "Mama, wewe una dawa za presha. Nakuomba usianze mpaka tuulize. Mimi ndiye niliyekutamanisha."

Mama mkwe akaniangalia, akamwangalia bintiye. Akasema jambo kwa Kiiraqw, polepole, la kwamba nyumba yenye wagonjwa wawili haina wa kuchota maji. Kisha akalifunga kopo kwenye ncha ya kitenge chake, akaomba chai.

Wifi aliingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya sinki akilia bila sauti.

"Ungeniambia pembeni," akasema.

"Nilikuambia kwenye simu, wifi."

"Mimi nilikuamini. Wote walipokuita mvivu, mimi nilikuamini."

"Najua. Sijasahau."

"Kwa hiyo leo mimi ndiye niliyetaka kukuua?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sijui."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Lakini ulilala," akasema. Hakuwa anabishana tena. Alikuwa kama anayeomba aachiwe kitu kimoja.

"Nililala, wifi. Sana."

Akachukua birika, akarudi kwa wageni wake.

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda, kila shimo la barabara likinijibu mgongoni. Baba Danieli alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Alisema tu, huku akimenya viazi, kwamba yeye haelewi mambo ya mishipa na maua, anachotaka ni yule mke wa mwezi wa tano arudi.

Hata mimi namtaka. Hilo ndilo linalonichanganya kuliko yote. Yule mwanamke aliyeimba jikoni alikuwa nani? Kama furaha ile ilitoka kwenye ua la Ulaya, ilikuwa yangu au ya kopo? Na kama ni ya kopo, kwa nini niliihisi kifuani kama yangu mwenyewe? Na huzuni hii ya wiki hii, ambayo imeanza kurudi kidogo kidogo kama maji chini ya mlango, hii nayo ni yangu, au ni mwili unalilia ulichozoea?

Nilidhani kupata jina la ugonjwa kungemaliza maswali.

Kopo langu lipo kabatini, limebaki nusu. Nakiri nimelifungua mara mbili tangu Ijumaa. Nimelinusa tu. Linanuka kama nyasi kavu.

Nilipokuwa naandika maneno haya, kuna aliyebisha hodi. Ni wifi Paulina. Amekuja na fuko la kaki, ndani yake makopo, moja la kila aina anayouza, na la mama mkwe juu yake. Hakukaa. Macho yalikuwa bado mekundu.

"Jumanne naenda nawe," akasema. "Nataka huyo daktari ayasome yote. Aniambie mimi mwenyewe, si kwa simu."

"Na akisema ni mabaya?"

"Nitajua. Na akisema mengine ni mazuri, utasimama tena useme?"

Nikamwambia nitasimama. Akanishika mkono, akakumbuka kwamba unauma, akaulegeza bila kuuachia.

Ameondoka sasa. Fuko liko mlangoni. Baba Danieli amelitazama, akalizunguka, akaenda kulala.

Leo simezi kitu. Nitaoga maji ya moto, nitanyoosha miguu ukutani kama nilivyoelekezwa, nitalala saa ambayo watoto wanalala. Kesho nitatembea mpaka dukani, nione nafika.

Nimelitoa kopo kabatini nikalitia kwenye fuko pamoja na mengine. Na usingizi, kama utakuja, uje tu. Leo sitauuliza umetoka wapi.