Stempu za Barua za Mama Mkwe

Bi Hajar, mshauri wetu, nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimejitia matatani mwenyewe.

Naitwa Zakiya, nakaa Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, na mume wangu Shihab na baba yake, Mzee Msellem, na nna shoga yangu Taghreed anayekusanya stempu zilizokwisha kutumika, wapenda stempu wanazinunua na pesa zinatibu paka wa mitaani, na mimi paka nawapenda, nalisha sita uani, mmoja ana watoto, basi juzi natafuta betri ya rimoti kwenye kabati la Baba nikakuta furushi la bahasha kuukuu zenye stempu za Tanzania, nikaona riziki hiyo, nikazikata zote na mkasi bila kuzifungua, vipande nikavitia kwenye mfuko nikampelekea Taghreed, kumbe ni barua za marehemu mkewe, alizokuwa akimwandikia kutoka Unguja wakati Baba keshahamia huku, na mkasi ulipita mpaka kwenye karatasi za ndani.

Baba alipoziona akaniita. "Zakiya, mna panya humu ndani. Kala mpaka tarehe za barua."

Nikasema, "Pengine, Baba."

Akainyanyua bahasha kwenye mwanga. "Panya wa Maskati wamesoma. Wanakata mraba."

Nikaitikia, "Ndiyo, Baba," na sasa anasema Ijumaa akitoka msikitini atamwaga sumu uani kote, paka wangu watakufa, na nikisema kweli sijui nitamtazama vipi tena, na Shihab nikimwambia anacheka tu. Nifanye nini?

*Jibu la Bi Hajar*

Zakiya, pole, ingawa pole yangu ni ndogo. Umefungua kabati la mtu, umekata barua zake, kisha ukamwachia panya lawama. Paka unawaonea huruma. Na mzee aliyekaa na bahasha zenye matundu je? Hebu soma tena ulichoniandikia. Mtu mzima amekuonyesha mraba na kukutazama usoni. Huyo hatafuti panya, anakungoja wewe useme.

Leo hii nenda kwa Taghreed ukauchukue mfuko wote. Usijaribu kugandisha kitu kwa gundi, utazidi kuharibu. Mpelekee Baba kahawa, weka vipande mbele yake, sema, "Baba, ni mimi," kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Habari za paka usizitaje mpaka akuulize mwenyewe.

Wasomaji, Zakiya alinipigia simu Alhamisi. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nlikuwa nakungoja, mwanangu. Sumu yenyewe sijainunua." Wakakaa alasiri nzima wakibandua stempu na kurudisha kila kipande chenye maandishi kwenye barua yake, na tarehe alikuwa anazitaja kabla hajavaa miwani. Walipomaliza akamsukumia stempu.

"Mimi nataka maandishi yake tu. Hizi wape paka. Mama yenu akiwapenda kuliko mimi."