Siku Saikal Aliponifunga Kitambaa Cheupe

Jumanne, 4 Machi 2014

Ayim hasemi. Mwaka wa pili huu, mjukuu wangu wa miaka sita, bubu! Nesi katutuma kwenye kikundi cha familia. Nilidhani tutapewa dawa — wapi! Tunacheza michezo ya kuigiza. Na goti langu hili bovu, eti niyumbe kama mti. Bi Meerim anayetuongoza anasema mwili hukumbuka yale ambayo mdomo unaficha. Nikamjibu wangu unakumbuka chai. Watu wakacheka. Mwanangu Ulan, baba yake Ayim, akaona haya. Ashindwe! Ayim nilimtilia bonge la sukari mdomoni. Atakayekucheka, kinda langu, nitamng'oa meno.

Jumanne, 11 Machi

Leo Ayim katupanga kama sanamu. Baba yake kamgeuza aelekee ukutani. Mimi na mama yake, Saikal, katusimamisha mlangoni. Nikasema, bibi analinda nyumba. Akatikisa kichwa. Akakishika kiganja changu, akakibandika kwenye mdomo wa mama yake.



Njiani nikamwambia Saikal amemlisha mtoto uongo. Akasema: Mama, mimi umeniacha lini niseme neno?

Mkaza mwana gani huyu! Nimemlea kama niliyemzaa.

Jumanne, 18 Machi

Zamu ya Saikal. Aonyeshe bila maneno siku aliyoingia kwetu. Ulan na wenzake walimteka barabarani awe mke wake, wakambeba kwa gari, akipiga mateke. Ndiyo, ndivyo kwetu wanavyooa! Mimi nilibebwa kwa farasi — nani alinichezesha?

Akachukua kitambaa cheupe cha bi harusi, akanifunga kichwani. Nikakivua. Akanibana mikono, akafunga tena. Tulia, mwanangu, utazoea, sote tulilia. Sasa anasema! Na kwa sauti yangu, hasa yangu, maneno niliyomwambia siku ile. Ulan akatoka kuvuta sigara.

Bi Meerim akamuuliza, siku ile miguu yako ilitaka nini? Kutoka, akasema, ila Mama alijilaza kizingitini. Kwetu anayemruka mzee amejilaani, yeye na uzao wake. Bi Meerim akaniomba nilale tena, kwa mchezo tu. Nikalala. Saikal akaja, akainua mguu, akaurudisha chini. Hakuweza.

Ayim ndiye aliyeruka! Huko ng'ambo akageuka: Mama, njoo.

Sauti ya kinda langu! Nililia sakafuni kama mwehu. Machozi yalipokauka ndipo nikasikia alichosema.

Jumatano, 19 Machi

Ulan yuko kazini. Saikal ana begi. Eti siku tatu tu, sikukuu ya Nooruzi kwa mama yake. Begi la siku tatu halifungwi kwa kamba! Nikamwambia nenda, mtoto mwache. Akasema, Mama, nipishe. Hata hakupaza sauti.

Nimeketi kizingitini, daftari mapajani, miguu nimeinyoosha mpaka mwimo wa pili. Ayim ameshavaa viatu. Bibi, ananiita. Bibi! Ananiita mimi! Anasema, kunja miguu, Bibi.

Nampenda kuliko macho yangu.

Sijaikunja.