Mgeni wa Siku ya Mtakatifu Nikola

Mdogo wangu Vitomir,

Huku theluji imefika madirishani. Ng'ombe amezaa dume. Kengele ya kanisa imepasuka, na hakuna wa kuitengeneza.

Jana ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu. Nilioka mkate, nikawasha mshumaa, nikakungoja. Akaja mwanamume nisiyemjua, msumeno wa mashine begani. Siku hiyo hatufukuzi mgeni, kwa hiyo nilimpa samaki na pombe ya plamu.

Alipokwisha kula akasema, "Mama, nitaanza na miti ya bondeni."

"Miti ipi?"

"Hiyo miplamu. Mdogo wako kaniuzia shamba lote. Kwani hakukwambia?"

Miplamu aliyoipanda baba, Vitomir! Sikumfukuza, maana mkate ulikuwa bado mzima mezani, na desturi yetu inataka mwanamume auvunje. Mwingine sikuwa naye. Nikaushika upande wangu, naye akaushika wake, tukauvunja. Alinishukuru kwa adabu, akaenda bondeni. Hadi jioni nilisikia miti ikianguka.

Mwakani usijisumbue kuja. Wa kuvunja mkate nimempata.

Dada yako,
Stamena