Bastola ya Marehemu Baba kwa Fundi wa Suti

Msellem, nimekwisha.

Ile bastola ya marehemu baba, isiyo na kibali, leo ndiyo nilikuwa nnaipeleka polisi kuisalimisha. Nimeichomeka kiunoni, ndani ya kanzu.

Shariffa akasema nipitie kwanza kwa fundi hapa Sib, nikapimwe suti ya harusi ya mtoto wetu kule London. Kuiacha garini nikaogopa. Nikaingia nayo. Mjinga mimi!

Fundi kanizungushia futi kiunoni, kasita. "Baba, hiki kigumu nini?"

Nikamwambia ngiri. Ngiri, Msellem! Ndilo lililonijia mdomoni.

Kumbe shemeji Yaqoob yuko nyuma yangu, kaja kuchukua suruali zake. Yaqoob, na uaskari wake wa polisi!

"Ngiri ngumu hivyo? Hiyo imejifunga! Utakufa, shemeji!"

Kaninyang'anya ufunguo, kanipakia, kanileta hospitali mbio. Njia nzima ananiambia nisikohoe.

Sasa nimo garini peke yangu. Nnamwona anakuja na nesi na kiti cha magurudumu.

Nnamwambia sasa hivi, kabla nesi hajanigusa. Nikifungwa, nenda wewe kwa Shariffa. Asiyasikie kwa watu.