Saa za Safari za Yona

Kalemie

Mama Yona, ndugu yangu wa tumbo moja,

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linalalamika mvua ikikaribia. Na wewe je, kifua kimepoa? Majirani bado wanakuja kuteka maji kwako? Miaka yote hii niko mbali na mji wetu wa Baraka, lakini nikisikia sauti ya kwetu sokoni ninageuka, nikitafuta sura ninayoijua.

Habari kubwa ni ya mwanao. Usishtuke, imeisha vizuri.

Unajua Yona anaendesha boti ya mizigo ya Mama Zoe kwenda Kigoma, nami ni karani katika biro yake, ofisini. Fundi alitaka kujua injini imefanya kazi saa ngapi, ili abadilishe oili kwa wakati. Basi nikatengeneza programu ndogo kwenye kompyuta. Unaandika saa ya kuondoka na saa ya kufika, yenyewe inatoa ya kwanza katika ya pili, kisha inajumlisha safari zote. Mwanzoni ilinichekesha: boti ikiondoka jioni na kufika asubuhi, ilisema safari imechukua muda chini ya sifuri. Nikaifundisha kwamba siku mpya huanza boti ikiwa katikati ya ziwa. Tangu hapo fundi hakulalamika hata mara moja, nami nikatembea kifua mbele.

Kisha Mama Zoe akaanza kutazama safari moja moja. Kwenda anaendesha Yona, kurudi anaendesha mwenzake, Fosta. Kila mara safari ya Yona ilikuwa ndefu, ya Fosta fupi.

"Muzee," akaniambia, "ziwa njo lile lile, boti njo ile ile. Kinachobadilika ni muntu."

Fosta akacheka. "Yona anasimamaka katikati kusalimia samaki!"

"Mama, kama mumeona mimi ni muvivu, niambieni niende," akasema Yona. Hakupandisha sauti. Unamjua, akiumia ndivyo anavyosema.

"Nitatafuta mwingine," Mama Zoe akajibu.

Nikamwomba safari moja tu, waendeshaji wabadilishane. Akakubali shingo upande.

Boti iliporudi niliandika saa mbele yao wote watatu. Kwenda, Fosta: ndefu. Kurudi, Yona: fupi.

"Fosta, samaki hawajambo?" Yona akauliza.

Fosta akaruka. "Muzee, hapana! Nilitazama simu yangu mwenyewe tukifunga kamba Kigoma!"

Hapo nikaelewa. Simu zetu zikishika mtandao wa Tanzania hujigeuza zenyewe, na Kigoma wametutangulia kwa saa nzima. Tulipokwenda tuliongeza saa ambayo haikuwepo, tuliporudi tukaipunguza. Zikijumlishwa zinafutana, ndiyo maana hesabu ya fundi ilikuwa sawa nami sikushuku kitu. Miaka ya ukimbizi nilirekebisha saa yangu ya mkono kila nilipovuka ziwa hili. Simu imenizoeza kusahau.

Sasa programu inauliza kwanza: saa hii ni ya upande gani? Kwenda na kurudi vinakaribiana, kama inavyopaswa.

Tukitoka nje, Yona akaniambia, "Mjomba, ungewaambia tu kwamba unaniamini."

"Nilikuamini," nikamjibu. "Lakini neno la mjomba wako lingekulinda juma moja tu."

Mama Zoe si mtu wa kuomba radhi. Asubuhi iliyofuata alimwita Yona mbele ya wapakiaji wote. "Chagua. Kwenda ao kurudi?"

"Kwenda, Mama. Njo safari yangu."

Nisalimie binti yako na mume wake seremala. Mpe pole shangazi yetu kwa macho yake, na mchungaji mzee aliyetubatiza umwambie bado ninasali.

Yona ameondoka jioni hii. Nimeandika saa yake, na ninakwenda kulala bila wasiwasi.

Ni mimi, kaka yako akupendaye,
Simeoni