Farasi Aliyeyumba Mlangoni

Baba Halima,

Nimechoka. Naanzia hapo kwa sababu salamu ndefu hukuzipenda. Magoti yamechoka, macho yamechoka, hata mkono huu unaoandika umechoka, na unajua unaandika polepole, maana shule mimi sikuiona. Herufi ulinifundisha wewe, kwa majina ya farasi yaliyoandikwa kwa chaki juu ya milango ya banda kule nyumbani, Molo. Hadi leo naziandika kubwa kubwa kama za mlangoni. Anayetaka kucheka na acheke. Barua hii nataka isomwe na watu, kwa sababu hapa Toronto kuna wazee wengi wamekaa kwenye maghorofa wakitazama dirisha, na wake zao ni kama mimi.

Mwezi uliopita Sadia alinichukua kwa gari lake. Mjukuu wako ni mwanamke mzima sasa, ana kazi, na Jumamosi zake zote anazimalizia kwenye kujifunza kupanda farasi, mahali fulani kupita Richmond Hill. Nilinung'unika njia nzima. Kisha tukaingia bandani. Ile harufu, Baba Halima! Nyasi kavu, mkojo, ngozi ya matandiko.

Kulikuwa na farasi jike wa kahawia, kichwa kimetoka nje ya mlango, anayumba. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Kifua kimeusugua mlango mpaka mbao zinang'aa. Sadia akaniambia kwa Kiswahili chake cha huku nisisogee, huyo ana wazimu. Mwenye banda, mama mmoja mrefu mwenye mikono ya kazi, akasema, Sadia akinitafsiria, ni tabia mbaya tu. Alikuwa ameshaagiza vyuma vya kufunga pale mlangoni, vimbane shingo asiweze kuyumba.

Nikamtazama yule mnyama jinsi ulivyonifundisha, masikio kwanza. Hayakulala nyuma kwa hasira. Mkia haukupiga. Pua hazikutanuka, jasho hakuna. Kwa hiyo hakuwa akiogopa kitu kilichokuwa pale. Alikuwa akiutazama uwanja mtupu ng'ambo ya uzio. Nikaisikia sauti yako kabisa: "Usiulize ana nini. Uliza amenyimwa nini."

Unamkumbuka yule dume mwekundu wa Molo? Alizunguka bandani mpaka sakafu ya udongo ikawa na mfereji. Mwenye shamba akaja na mjeledi, wewe ukasimama mbele yake, wewe saisi wake, mtunza farasi tu, mtu wa kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, ukamwambia, "Ukimchapa atasimama. Lakini atakuwa amesimama tu." Kisha ukaenda kumchukua mbuzi. Mbuzi wangu! Niliyepewa na mama yangu nilipoolewa! Nilikuja bandani na mwiko mkononi.

"Guyo, mbuzi wangu yuko wapi?"

"Ana kazi."

"Mbuzi ana kazi gani?"

"Anakaa na mtu."

Nikachungulia. Mbuzi amelala kwenye majani, farasi amemwinamia, anamnusa mgongo, na mguu mmoja wa nyuma ameulegeza. Hakuzunguka tena. Mwenye shamba alifoka mpaka mbuzi akamtafuna ukingo wa kofia, na hapo hata yeye alicheka. Mimi nilikutukana wiki nzima. Mluhya na Mborana, hatukuwa na lugha nyingine ya kugombania ila hiki Kiswahili, na tulikitumia vizuri.

Basi nikamwambia Sadia, "Mwulize mwenzake yuko wapi."

"Nyanya, usiniaibishe."

"Uliza, mtoto wee."

Akauliza. Kumbe kwenye banda la jirani alikaa farasi mzee mwenye umbo dogo, walikuwa wakilishwa pamoja miaka yote. Alikufa theluji ilipokuwa ikiyeyuka. Nikasema mnunulieni mbuzi. Yule mama akacheka, si kwa ubaya, akasema mbuzi hafugi. Nikasema haya, mbuzi ni mimi. Hilo Sadia alikataa kulitafsiri. Nikageuza ndoo, nikaketi kando ya mlango, upande wa bega lake, simkazii macho, napumua tu.

Na pale kwenye ndoo ndipo uliponijia.

Halima alipotuleta hapa mwaka 2004, alitupangia Crescent Town, ghorofa ya kumi na saba. Ulianza kutembea ndani wiki ileile. Dirishani, mlangoni. Dirishani, mlangoni. Zulia likaisha nyuzi. Jirani wa chini akawa anagonga dari yake kwa mpini wa fagio. Nami nikikupigia kelele: "Tulia, mzee! Unanitia kizunguzungu! Umekuwa mtoto?"

Ukaniomba, "Nipelekeni hata siku moja nimwone farasi."

Nikakujibu, "Panda lifti ukawatazame mbwa wa watu." Ulicheka, nakumbuka. Mara ya pili uliponiomba hukucheka, na mimi nikasema ni mbali. Halima ana zamu, mimi mabasi siyajui, Kiingereza sina, barafu ipo njiani, ni mbali. Mara ya tatu hukuomba.

Halafu vikaja vidonge. Daktari simlaumu, yeye alimwona mzee asiyetulia na hakujua lingine. Nilikupa mimi, kila asubuhi na chai. Ukaacha kutembea. Ukaketi kwenye kile kiti karibu na friji, mikono magotini. Na mimi nikashuka kwenye mashine za kufulia nikawaambia wanawake, "Mzee wangu siku hizi ametulia." Nilijisifu, Baba Halima! Miaka arobaini mke wa saisi. Nimewaona farasi waliokata tamaa, kichwa chini, masikio yamelegea kando, nzi anatembea jichoni na hawapepesi. Wewe ulinionyesha kwa kidole, ukasema hao ndio wa kuhurumia kuliko wanaopiga mateke, maana watu huwapita wakidhani wana adabu. Nilijua. Kwa farasi nilijua. Kwako nikaona nyumba imepata raha.

Ulikaa kwenye kiti kile mpaka tulipokuzika.

Yule jike, nilipokaa naye kama saa nzima, alianza kupunguza. Akashusha pumzi ndefu, akalamba midomo, akaleta kidevu karibu na kitambaa changu cha kichwa, nikasikia joto la pua yake shingoni. Sitakudanganya kwamba alipona. Niliposimama akaanza tena. Lakini mwenye banda alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, mikono mifukoni. Akamwambia Sadia kwamba vyuma vikija vitakaa stoo kwa mwezi mmoja, kama huyu bibi atakuja zile siku ambazo hakuna watu bandani. Jumanne na Alhamisi.

Sadia Jumanne na Alhamisi yuko kazini. Kwa hiyo naenda peke yangu. Treni moja, mabasi mawili, kisha kipande cha kutembea kando ya barabara ambapo magari yananirushia matope. Mara ya kwanza nilipotea nikafika kwenye duka kubwa la vigae. Kiingereza ni kilekile, sina. Nilionyesha kikaratasi. Halima amenifokea: "Mama, utaanguka! Na ni farasi wa watu!" Nikamwambia nimeshaanguka tangu zamani, aniache.

Jana nikiwa kwenye basi la pili niliitazama saa ya mbele kwa dereva. Nikapiga hesabu, Baba Halima. Kutoka mlango wa nyumba yetu mpaka mlango wa banda, hazifiki saa mbili za safari, tena kwa magoti haya. Nililia pale mbele ya watu, dereva akasimamisha basi akaja kuniuliza kama ninaumwa. Ningemwambia nini? Uliishi mji huu miaka minane.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Hata ulipokuwa hai, tukikosana ulinyamaza siku mbili, kisha ukanisogezea kikombe cha chai bila neno, na mimi nikajua yameisha. Kikombe hicho sikitazamii. Nataka tu ujue kwamba nimeelewa, na kwamba nimechelewa, na sitamsingizia mtu mwingine.

Kesho naamka mapema, basi la kwanza huwa halisubiri. Pumzika, mzee wangu. Haikuwa mbali.

Mkeo,
Mama Halima