Siku Mbili za Gazeti

Dada yangu mpendwa,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Sisi wazima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu uolewe. Nimepata kazi ya kupanga magazeti ya zamani. Mkuu wangu ni mzee mcheshi. Jana mchana aliniona nimeinamia gazeti, akasema, "Binti, gazeti haliliwi. Kula chakula chako."

Nilikuwa nasoma habari za ile meli iliyotuchukulia Mama nikiwa na mwaka mmoja. Dada, jina lake limo katika orodha ya waliookolewa! Siku mbili baadaye ndipo yakatoka masahihisho, mistari miwili tu: aliyeokolewa ni mwanamke mwingine mwenye jina kama lake.

Nilipomwuliza Baba, alisema, "Dada yako alifua shuka za mama yenu, akamtandikia kitanda." Kisha akatoka nje.

Mimi simkumbuki Mama hata kidogo, na kila mtu hunisimulia kifo chake tu. Wewe niandikie zile siku mbili mlipokuwa mkimngoja. Usiruke kitu, hata kama mlicheka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba